Watu 948 na watu 3: historia ya malalamiko juu ya publisite za mitindo

Tuanze na foto moja. Ni ya mwaka 2000. Nyumba ya mitindo ya Yves Saint Laurent, ya Paris, ilikuwa inauza marashi yake yenye kuitwa Opium. Mpiga picha Steven Meisel alimpiga foto mwanamitindo Mwingereza Sophie Dahl: amelala chali, hana nguo, amevaa viatu vya kisigino kirefu na mapambo kidogo, basi. Ku Uingereza ile foto ilitoka ndani ya magazeti ya wanawake, na watu 3 tu walilalamika. Ilitoka pia kwenye afishi kubwa za barabarani. Huko walilalamika watu 948, na kampuni ikaambiwa iondoe afishi zake.

Foto ileile, mwanamke yuleyule. Sasa nini ilibadilika?

Nilikutana na hii hesabu wakati nilikuwa naandika memwari yangu juu ya sheria ya mawasiliano, na tangu hapo haijanitoka kichwani. Wengi wetu tunafikiri kama ofisi ya kuchunga publisite kazi yake ni kusema: hii foto ni chafu, hii ni safi. Ukisoma maamuzi yao ya miaka sitini unaona kama swali lao kubwa ni lingine kabisa. Wanauliza: ni nani ataiona, na alikuwa na namna ya kuikwepa? Mwanamke mwenye kununua gazeti la mitindo amechagua kulifungua. Mtoto mwenye kungoja basi chini ya afishi hakuchagua kitu.

Kwanza tujue ile ofisi ni nini. Inaitwa Advertising Standards Authority, kwa kifupi ASA, na haikuanzishwa na serikali. Mwaka 1955 televisheni ya biashara ilianza ku Uingereza, na publisite za televisheni zikawekwa chini ya sheria. Wafanyabiashara wa magazeti na wa afishi wakaona kama zamu yao inakuja. Mbele serikali iwaandikie sheria, wakajiandikia kanuni wao wenyewe, mwaka 1961: tangazo liwe halali, lenye heshima, la uaminifu na la kweli. Mwaka 1962 wakaanzisha ASA ili isimamie zile kanuni. Kwa hiyo ni woga ndio ulizaa hii kazi. Nasema hivi bila kuwacheka, juu mambo mengi mazuri ya dunia yametoka ku woga wa mtu kuona wengine wanakuja kumtawala.

Pesa inatoka wapi? Tangu miaka ya 70, makampuni yanatoa mchango wa 0.1% juu ya pesa ya matangazo. Maana yake, ukilipa dola 1,000 kwa afishi, dola 1 inaenda huko. Unakusanywa na bodi nyingine, ili wale wa ASA wasijue nani ametoa ngapi. Publisite za redio na televisheni ziliingia mikononi mwao mwaka 2004, na zile makampuni yanaweka kwenye tovuti zao na mitandao yao zikaingia mwaka 2011.

Rafiki yangu mmoja avoka, nilipomwelezea hii, alinijibu: “Ofisi isiyokuwa na polisi, isiyokuwa na faini, inalipwa na walewale inawachunga? Hiyo ni sanduku la maoni tu.” Jibu lake ni la mtu mwenye kuzoea tribinali, na ninamwelewa. Lakini ASA iko na meno, ni vile tu hayako mahali tulizoea kuyatafuta. Ikitoa uamuzi, magazeti na wenye kukodisha afishi wanakataa kuchukua tena lile tangazo. Jina la kampuni linatangazwa, waandishi wa habari wanalishika, na mitindo ni biashara ya jina. Tena kampuni yenye kurudia kosa kwenye afishi inaweza kuambiwa ilete kila afishi yake ikaguliwe mbele ya kutoka, mpaka miaka miwili. Wafanyabiashara wa nguo wa French Connection, wenye kucheza na herufi FCUK ambazo jicho la Mwingereza linazisoma kama tusi, waliwekewa hiyo adhabu mwaka 2001. Fikiria wewe mwenye kuuza nguo za msimu, kila afishi ingoje ruhusa! Na majuji nao wanaiangalia hii ofisi: mwaka 1989 mahakama kuu ya London ilikubali kusikiliza kesi dhidi ya uamuzi wa ASA na ikaufuta, kwa sababu ofisi inafanya kazi ya umma hata kama haikuzaliwa na sheria.

Mlalamikaji halipi kitu. Hahitaji avoka. Na hili ndilo lilinishangaza zaidi: lalamiko moja linatosha. Hawapigi kura. Watu 900 wanaweza kulalamika wakaambiwa hapana, na mtu mmoja mwenye kuandika jioni akiwa jikoni kwake akaambiwa ndiyo. Kampuni inapewa nafasi ya kujibu, na kama imedai kitu ni yenyewe inaleta ushahidi. Mwaka 2011 mbunge Jo Swinson alilalamika juu ya publisite za vipodozi za L'Oréal zenye sura ya Julia Roberts na ya Christy Turlington, akisema ile ngozi laini ni kazi ya kompyuta. Kampuni haikuweza kuonyesha foto ya kwanza ya Roberts, mbele ya kurekebishwa, juu mkataba wake haukuruhusu. Basi ikashindwa. Hakuna mtu alipaswa kuthibitisha kama ngozi ya Julia Roberts iko namna gani.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1991 kampuni ya Kiitalia ya Benetton, yenye kuuza ma-pull ya rangi, ilitoa afishi ya mtoto mchanga, ametoka tumboni saa ileile, iko na damu, kitovu hakijakatwa. Foto hiyo ilikuwa ya mradi wa Oliviero Toscani. Hakuna nguo hata moja ndani. ASA ilipata malalamiko zaidi ya 800 na ikasema afishi iondoke. Hapa kwetu mtu angeuliza: kuzaliwa ni aibu? Hapana, na ASA haikusema hivyo. Ilisema imeshtua watu wengi mno mahali pa wote.

Ujerumani walipita njia nyingine, na wenye kusoma sheria waangalie vizuri hapa. Huko kesi ya Benetton iliingia tribinalini. Foto zilikuwa tatu: ndege mwenye kujaa mafuta ya petroli, watoto wenye kufanya kazi ngumu ku nchi maskini, na makalio ya mtu yenye kupigwa muhuri wa H.I.V. Mwaka 1995 mahakama kuu ya Shirikisho ilisema: kutumia mateso ya watu ili kuvuta macho ku biashara yako ni kinyume cha maadili ya ushindani, gazeti la Stern lisizichapishe tena. Wachapishaji wakapanda mpaka mahakama ya katiba. Tarehe 12 mwezi wa 12 mwaka 2000, mahakama ya katiba ikapindua ule uamuzi. Ikasema publisite nayo inalindwa na uhuru wa kutoa maoni, na kwamba dola haina kazi ya kulinda raia asisumbuliwe moyo na mateso ya dunia. Mahakama ya chini ikang'ang'ania juu ya ile foto ya H.I.V., na mwaka 2003 ikapinduliwa mara ya pili.

Mnaona tofauti? Mwishoni mwa ule mwaka 2000, London walikuwa wanaondoa Sophie Dahl barabarani, na Karlsruhe walikuwa wanarudishia Benetton haki yake. Wajerumani waliuliza kama dola iko na haki ya kukataza. Waingereza waliuliza kama hapa ndipo mahali pake. Swali la Wajerumani ni kubwa zaidi, nakubali, lakini lilichukua karibu miaka kumi. Lile la Waingereza lilijibiwa kwa majuma machache, wakati afishi bado iko ukutani. Mimi, kama ningekuwa mzazi mwenye kupita pale kila asubuhi na mtoto, najua ofisi gani ningeiandikia.

Kisha ile aina ya malalamiko ikageuka. Miaka ya 90 watu walilalamika zaidi juu ya uchi na mshtuko. Kufika mwaka 2011 wanaanza kuuliza juu ya mwili wenyewe: huyu ni mtoto? Huyu anakula? Marashi ya Marc Jacobs, Oh, Lola!, yalitangazwa na mwigizaji Dakota Fanning akiwa na miaka 17, amekaa chini, chupa katikati ya mapaja. Watu wanne walilalamika. ASA ikakataza. Mwaka 2015 ikawa Miu Miu, ndani ya Vogue: Mia Goth amelala kitandani, mlango umefunguliwa kidogo. Mia Goth alikuwa amepita miaka 20. Kampuni ikaeleza hivyo. Lakini ofisi haikuangalia cheti cha kuzaliwa. Iliangalia kile msomaji anaona, na ikasema anaonekana kama msichana wa chini ya miaka 16 katika hali ya tamaa. Mlalamikaji alikuwa mmoja.

Mwaka uleule 2015, tena Yves Saint Laurent (hii nyumba imekuwa kama mteja wa kawaida wa ofisi). Ndani ya Elle ya Uingereza, mwanamitindo amelala sakafuni, mbavu zinaonekana, paja na goti karibu unene mmoja. Kampuni ilijibu tu kwamba haikubali. ASA ikasema ni ukosefu wa wajibu kuonyesha mtu mwembamba kupita afya kana kwamba ndio urembo. Mwaka uliofuata Gucci wakaja na utetezi mrefu: filamu yao ni kwa watu wazima, wasomaji wa The Times, hakuna mfupa unaonekana. Ofisi ikachunguza wanamitindo wawili, mmoja mmoja, kama daktari. Mmoja akapita, mwingine akakataliwa.

Hapo ndipo mimi naanza kukosa raha. Yule msichana wa Gucci ni mtu. Yuko na mama. Siku ile magazeti yote ya London yalichapisha foto yake pamoja na maneno kwamba mwili wake hauna afya, na hakuna mtu alimpima. Ofisi inasema haihukumu mtu, inahukumu foto, na ku karatasi ni kweli. Lakini foto ni ya nani?

Na usifikiri kama wanafuata kelele. Masika ya 2015 ku metro ya London kulikuwa afishi ya rangi ya njano ya kampuni yenye kuuza unga wa kupunguza uzito, Protein World, na mwanamke mwenye bikini, na swali kama mwili wako uko tayari kwa ufuo wa bahari. Malalamiko 378. Watu zaidi ya 70,000 wakatia sahihi ombi la kuiondoa. ASA ikasoma, ikasema: hapana, hii haimuaibishi mtu kiasi cha kukatazwa. Ilichokataza ni madai ya afya na ya kupunguza uzito, juu hayakufuata kanuni. Watu walikasirika sana. Mwaka 2016 meya mpya wa London, Sadiq Khan, alitangaza kama magari ya umma ya jiji hayatachukua tena afishi za namna ile. Yeye alichaguliwa na kura, ukuta ni wa jiji lake, aliweza. Nadhani hapo kila mmoja alifanya kazi yake.

Wafaransa wao walitafuta dawa ku bunge. Wako pia na ofisi ya makampuni yenyewe, ARPP, yenye mizizi mpaka miaka ya 30, na mwaka 2017 ndiyo iliomba Saint Laurent iondoe ku Paris afishi za wanawake wenye viatu vya visigino na magurudumu, wamekaa namna ambayo sitaieleza hapa. Lakini juu ya wembamba waliandika sheria, ya mwezi wa kwanza 2016: mwanamitindo awe na cheti cha daktari, na tangu tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka 2017 foto ya biashara yenye mwili uliopunguzwa ao kuongezwa na kompyuta iandikwe wazi kwamba ni “photographie retouchée”. Ukikosa, faini ni euro 37,500. Sisi tuliosoma kwa vitabu vya Kifaransa tunapenda hii njia, ndiyo tumezoea. Iko na faida moja kubwa: inamlinda pia yule msichana mwenyewe, juu daktari anamuona mbele ya kamera. Ofisi ya London inakuja kisha foto imekwisha kutoka.

Sasa mwaka 2024, kesi ninayoiona kuwa ya maana kuliko zote. Calvin Klein iliweka afishi za mwimbaji FKA twigs, amevaa shati la jinsi nusu, upande wa kalio na nusu ya titi vinaonekana. Malalamiko mawili tu. Walalamikaji waligusa pia afishi za Kendall Jenner za kampuni ileile. Mwezi wa kwanza ASA ikasema: za Jenner hazina shida, ya twigs inamfanya mwanamke kuwa kitu cha kutazamwa kwa tamaa. Twigs, mwanamke mwenye asili ya Jamaica kwa baba, akajibu hadharani. Alisema yeye haoni kitu cha tamaa pale, anaona mwanamke mwenye nguvu, mwenye mwili uliopita maumivu mengi, na akauliza kwa nini kipimo ni viwili. Watu wengi waliuliza naye, juu siku zilezile kulikuwa afishi za Calvin Klein na mwigizaji Jeremy Allen White akiwa na chupi tu, na watu walikuwa wanafurahi.

Basi ofisi ikafanya kitu ambacho ofisi chache zinafanya, hata kwetu mnajua. Ikarudi juu ya uamuzi wake yenyewe. Mwezi wa tatu ikatangaza kama sababu yake ya kwanza haikuwa sawa: twigs hakuonyeshwa kama kitu. Lakini afishi bado haifai, kwa sababu ni ya tamaa wazi mno kwa barabara yenye kupita kila mtu.

Soma tena ile sababu ya mwisho. Ni sababu ya Sophie Dahl! Miaka 24 baadaye wamerudi mahali palepale: mahali pa foto, macho ya mpita njia. Kila mara ofisi ilipokaa juu ya lile swali, ilisimama imara, hata wenye kushindwa walielewa. Ilipojaribu kusema mwanamke huyu ni nini, ilibidi ijifute.

Mtaniuliza hii inatuhusu nini sisi wa Lubumbashi, Bukavu, Goma. Tuko na CSAC, ya sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2011, na kazi yake tunaijua zaidi ku redio, televisheni na magazeti, hasa wakati wa uchaguzi. Sasa angalia ukuta wa boutiki ya mafuta ya kufanya ngozi nyeupe, ile afishi ya dada wawili, mmoja mweusi amenuna, mwingine mweupe anacheka. Mtoto wangu wa kaka, mwenye miaka tisa, anaisoma kila siku akienda masomo. Ingekuwa mimi naandika leo lalamiko moja, la ukurasa mmoja, bila avoka, bila kulipa, ningelipeleka mlango gani? Sio lazima tungoje bunge. Wenye ma-boutiki, wenye kuchapa afishi na wenye kukodisha kuta wanaweza kuandika kanuni yao wenyewe, sawa na wale wa 1961, na kuweka watu wa nje wawe wengi kwenye meza ya kusikiliza. Woga peke yake haujatosha bado, ndio nafikiri inakosekana.

Huko London kazi inaendelea. Mwaka 2024 walipokea malalamiko 61 juu ya uzito wa wanamitindo, wakaona sababu ya kuchunguza moja tu, la maduka ya Next. Lilikuwa tangazo la suruali ya kubana. Kampuni ikajitetea kwamba dada ni mwembamba lakini ana afya. Mwezi wa pili 2025 ofisi ikajibu kwa uangalifu ambao haukuwepo siku za Gucci: ukiangalia foto nyingine zenye sura yake, yeye hana shida ya uzito. Shida ni kamera iliyowekwa chini, mkao na mavazi, vilivyofanya miguu ionekane myembamba kupita kiasi. Tangazo likaondolewa, na juu ya mwili wa yule dada hawakuandika neno baya.